Tupime Kwanza Kipimo: Mbinu za Utafiti wa Saikolojia Kutoka Bagamoyo

Mada kwa semina ya wanafunzi wa saikolojia, Mapinga, Bagamoyo



1. Utangulizi

Mbinu za utafiti ni somo ambalo wengi wetu tunalikariri tu. Tunajua kueleza maana ya sampuli, kundi linganishi, uthabiti na uhalali wa kipimo. Mtihani ukipita, maneno hayo yanabaki daftarini. Hoja yangu ni kwamba mbinu hueleweka pale unapoiona ikifanya kazi mahali unapopajua. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Ukitoka hapa Mapinga, ukapita Kerege na Kiromo, unaingia Bagamoyo, ambako katika vijiji vyake ulifanyika utafiti unaotajwa sana na wanasaikolojia wa nchi nyingi.

2. Utafiti wenyewe

Mwaka 2002, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo mtafiti wa Kitanzania Damaris Ngorosho, walichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto 358 wa shule, wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Kazi zilikuwa za kupanga vitu kwa makundi, kufikia hitimisho kutokana na maelezo waliyopewa, na mchezo wa maswali ishirini, ambapo mtoto huuliza maswali ya ndiyo au hapana mpaka atambue kilichokusudiwa.

Watoto walipimwa mara mbili. Katikati, kundi moja lilielekezwa namna ya kuzikabili kazi hizo, kila moja kwa dakika 5 hadi 10 tu. Kundi la pili halikuelekezwa. Alama za walioelekezwa zilipanda kuliko za wenzao.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, kazi ya kundi linganishi. Mtu akirudia mtihani anaweza kupata zaidi kwa sababu tu ameuzoea. Bila lile kundi la pili, tusingejua kama kilichosaidia ni maelekezo au ni mazoea.

Pili, na hapa naomba tutulie kidogo, tofauti ya uthabiti na uhalali. Kwa watoto ambao hawakuelekezwa, uhusiano (korelesheni) wa alama za mwanzo na za mwisho ulikuwa karibu 0.8: waliotangulia walitangulia tena, kwa sehemu kubwa. Kwa walioelekezwa, uliishia karibu 0.3. Dakika chache ziliivuruga safu nzima. Mwanafunzi akiishia kwenye ile 0.8 atasema kipimo ni kizuri, maana hakiyumbi, yaani kina uthabiti. Lakini kipimo kinaweza kutoyumba huku kikikosa uhalali, kikipima kitu kingine, kwa mfano nani amewahi kukutana na maswali ya namna hiyo na nani hajawahi. Mizani iliyochezewa nayo hutoa uzito uleule kila siku.

Tatu, lugha. Ukimuuliza mama wa Mapinga, “Una mawazo?”, hatadhani unauliza kama anafikiri, ataelewa kwamba unauliza kama ana jambo linalomsumbua moyoni. Hojaji iliyotafsiriwa kwa kamusi peke yake hupotea hapo. Ndiyo maana mtafiti Sylvia Kaaya na wenzake, katika kazi iliyochapishwa pia mwaka 2002, hawakuichukua orodha ya Hopkins ya dalili za sonona na wasiwasi, yenye vipengele 25, na kuiamini hivihivi. Waliijaribu kwa wajawazito wanaoishi na VVU Tanzania, wakalinganisha majibu yao na matokeo ya usaili wa kitaalamu.

4. Mapendekezo

Kila mwanafunzi achague utafiti mmoja uliofanyika Afrika Mashariki, aueleze kwa maneno yake, kisha aonyeshe palipo na udhaifu. Hojaji itafsiriwe, mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya awali bila kuona hojaji ya kwanza, halafu ijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe. Vibali vya chuo na vya serikali ya kijiji vitangulie, na ridhaa ya mzazi isichukuliwe kuwa ndiyo ridhaa ya mtoto.

5. Hitimisho

Alama ndogo ya mtoto ni mwanzo wa swali. Tusimwandike mtoto kuwa hajui kabla ya kuhakikisha kwamba tulichompa kinapima kile tunachodai kukipima.