Deni la Kodi Lisikufunge Mdomo



Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini hutolewa kila baada ya miezi miwili, ilhali kodi ya chumba hudaiwa kila mwezi. Pengo hilo huzaa deni, na deni huzaa hofu ya kutolewa vyombo nje.

Usimkwepe mwenye nyumba. Mweleze mapema, mpatane kiasi na tarehe, muandikiane, nawe utunze kila risiti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka atoe notisi ya maandishi kabla ya kuvunja upangaji kwa sababu ya malimbikizo. Akikufungia mlango bila notisi, anzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Msipoafikiana, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mdaiwa naye ana haki.