Seyyid Said na Wanawe: Nchi Iliyorithiwa kama Shamba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme machache juu ya aila ya Seyyid Said bin Sultan. Khabari hii hapa kwetu husimuliwa ama kwa kusifu ama kwa kulaani, na kila mmoja hushika upande wake kabla hajaisikiliza. Leo nawaombeni tuitazame nyumba yenyewe: nani waliokaa ndani yake, nani walioilisha, na ilikuwaje hata mgeni akapewa ufunguo wa mlango wake.

Seyyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Mwaka 1806, angali kijana, alimwua binamu yake Badr bin Seif aliyekuwa ameshika hatamu za dola, akatawala yeye. Basi tangu mwanzo ufalme ule haukuwa na kanuni ya kurithiana. Aliyeweza ndiye aliyekaa. Unguja alifika mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, akajenga Mtoni, na baadaye akahamishia huku baraza yake. Akajikusanyia mashamba ya karafuu, yanayotajwa kuwa 45. Mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Majina ya watoto wa Seyyid tunayo. Majina ya wapandaji wa mikarafuu hayakuandikwa.

Mke mkubwa wa Mtoni alikuwa Bibi Azza bint Seif, wa ukoo wa Seyyid mwenyewe. Bintiye Seyyid mmoja amesimulia kuwa bibi huyu alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa amri, hata watu wazima walimwogopa. Lakini hakuacha mtoto. Seyyid alipofariki watoto waliokuwa hai walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18, na wote walikuwa wana wa masuria: huyu mama yake Msherkasi, yule Mhabeshi, mwengine Mjojia. Kwa sharia, mwana wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni muungwana na mrithi sawa na mwana wa ndoa. Hilo lilikuwa jema kwa watoto. Kwa dola lilikuwa na taabu yake, kwani hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema kuwa kiti ni chake kwa haki isiyopingika. Majid alikuwa na haki kama Thuwaini, na Barghash kama Majid.

Mzee aliiona taabu hiyo. Hilal, mwanawe mkubwa, alikosana naye na akafa Aden mwaka 1851. Khalid alikuwa amekusudiwa upande wa Afrika, na Thuwaini upande wa Oman. Na sasa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 1844, alipotaka kuutangaza mpango huo, Seyyid Said alimwandikia nani? Aliiandikia Serikali ya Kiingereza. Hakuwauliza Mwinyi Mkuu na watu wake, wala Wapemba, wala watu wa miji ya mwambao, ambao ndio waliokuwa wakigawiwa. Mimi naiona barua ile kuwa ndiyo mwanzo wa himaya, miaka 46 kabla ya himaya yenyewe kutangazwa.

Khalid akafa mwaka 1854. Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid naye akafariki, akiwa ndani ya jahazi lake la vita, njiani kutoka Maskati, karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash alikuwa pamoja naye. Kijana yule hakukubali baba yake azikwe baharini. Aliileta maiti Unguja, akaizika usiku, na usiku huo huo akajaribu kuitia ngome mkononi. Hakufaulu, na Majid akatawala.

Yaliyofuata ni ugomvi wa ndugu, lakini tazameni kila mara nani aliyeamua. Majid aliahidi kumpa Thuwaini reale 40,000 kila mwaka, kisha wakabishana kama ni zawadi au ni kodi. Mwaka 1859 Thuwaini akatweka na majeshi kuja Unguja. Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka huo huo Barghash akaasi. Karani wake alikuwa dada yake, Bibi Salme, msichana wa miaka 15, aliyejifundisha kuandika kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani mabinti wa jumba lile walifunzwa kusoma tu. Kalamu aliyoipata kwa taabu namna hiyo ikatumika kuandika barua za fitina juu ya kaka yake Majid, aliyekuwa amemlea! Barghash akaponyoka nyumbani kwake amevaa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseilles. Mizinga ya manowari ya Kiingereza ikaingia kati, naye akapelekwa Bombay. Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi, akakata hukumu: Oman iwe mbali, Unguja iwe mbali, na Majid alipe reale 40,000 kila mwaka. Dola ya baba mmoja ikagawiwa na mtu asiyekuwa wa ukoo wala wa nchi.

Bibi Salme alitoroka mwaka 1866 katika manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, akafiwa na mume mapema. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886. Nakisoma kwa faida na kwa hadhari, maana machozi yake juu ya ndugu zake ni ya kweli, lakini utumwa anautetea. Mwaka 1885 alirejea Unguja akidai urithi wake, na waliomleta walikuwa manowari za Bismarck. Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, alikataa kumwona. Wadachi hawakuwa na haja na urithi wa bibi mjane. Haja yao ilikuwa mwambao na bara, na mwaka uliofuata wao na Waingereza wakaipimia Barghash ardhi yake kwa maili.

Mwaka 1890, zamani za Seyyid Ali, mwana wa mwisho wa Seyyid Said kutawala, himaya ikatangazwa. Kuanzia hapo ukoo ule ulikaa kitini kwa idhini, mpaka Januari 1964. Aliyejaribu kukaa bila ya idhini alikuwa Khalid bin Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zililipiga jumba lake kwa muda usiotimia saa moja, na watu kiasi cha 500 wakauawa au kujeruhiwa, wengi wao askari, watumishi na watumwa, ambao hawakuwa na fungu katika urithi wowote. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Kidachi, kisha Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko bara mwaka 1916, katika vita vikuu, wakamhamisha. Na mahali pamoja walipompeleka ni Shelisheli, visiwa ambavyo babu yake alikata roho karibu navyo. Alifia Mombasa mwaka 1927.