Saa Iliyosimama Ndani ya Sanduku la Kikundi

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Najua wengi mmetoka kuchuma majani asubuhi hii, na wengine mmechelewa kwa sababu lori la majani lilichelewa kituoni. Kwa hiyo sitazunguka. Niliombwa niseme juu ya dhamana za mikopo. Ningeweza kuwasomea kanuni, lakini kanuni mnazo kwenye vitabu vyenu na hamzisomi. Nitawaambia habari ya saa moja ya mkono.

Kikundi chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Bomet na kina wanachama 22. Ninyi mnaokijua nyamazeni tu.

Mama mmoja mjane aliomba mkopo wa shilingi 30,000 ili binti yake amalize chuo cha uuguzi. Akiba yake ilikuwa ndogo, na wadhamini hakupata, maana kila mtu alikuwa na mkopo wake. Akaleta saa ya marehemu mume wake. Ilikuwa Omega, saa ya Uswisi, ya chuma, isiyo na betri. Mzee alikuwa dereva kwenye shamba la chai huko Kericho, na mwaka 1978 meneja mmoja Mzungu alipouza vitu vyake ili arudi kwao, mzee aliinunua kwa kukatwa mshahara miezi mingi. Wakati huo tayari ilikuwa imevaliwa na mtu mwingine miaka kadhaa. Mitumba, kwa neno letu.

Kikundi kilikubali. Saa ikafungwa kwa karatasi, ikatiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, pamoja na vitabu na mhuri. Hakuna aliyeandika ilikuwa katika hali gani. Andikeni hilo moyoni, maana ugomvi wote ulitoka hapo.

Mama alilipa shilingi 12,000, kisha akakwama. Ng'ombe alikufa, bonasi ya mwaka ule ikawa ndogo, si mnajua. Zikabaki 18,000. Baada ya miezi minane kamati ikafungua sanduku. Saa imesimama, na ndani ya kioo kuna ukungu kama dirisha la matatu wakati wa mvua. Mama akasema, "Mimi niliwapa saa inayotembea." Mweka hazina akasema, "Ulituletea saa mbovu." Wanawake wawili waliokuwa wakisaidiana kupalilia wakaacha kusalimiana hata kanisani. Hapo ndipo nilipoitwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata mimi sikulijua. Saa ya namna hiyo hujazwa na mwendo wa mkono. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara. Ukitembea, ukichuma, ukila, kinazunguka na kukaza springi. Ukiivua na kuiweka, itaendelea siku moja na nusu au mbili, kisha itasimama. Haijaharibika, imekosa mkono tu. Kwa hiyo saa ile ingesimama ndani ya sanduku hata kama ingekuwa nzima kabisa! Watu walikuwa wamegombana wiki sita juu ya kitu ambacho hakikuwa kosa la mtu yeyote.

Lakini habari haikuishia hapo. Tulipoitikisa ilitembea kama dakika kumi ikafa tena. Basi kulikuwa na ugonjwa kweli.

Mwanakamati mmoja, kijana mzuri lakini mwenye haraka, akachukua kisu cha jikoni akajaribu kufungua mfuniko wa nyuma. Akaacha mikwaruzo miwili ambayo kila mnunuzi baadaye aliiona kwanza. Kisha wakaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Huyo akaitazama, akasema mashine hiyo ni ya zamani, haina vipuri, wampe shilingi 4,000 aitoe yote, atie mashine mpya ya betri, itatembea kama saa yoyote. Kamati ilifurahi. Nashukuru Mungu kwamba siku ile hawakuwa na pesa mkononi.

Kwa nini nashukuru? Kwa sababu thamani ya saa kama ile iko ndani yake. Anayeitaka anataka mashine ya Omega iliyomo, uso wake wa asili hata kama umefifia, na namba zake. Ukitoa mashine, umebaki na kopo lenye jina. Ndivyo ilivyo pia ukimwacha fundi apake uso rangi mpya au asugue chuma mpaka king'ae. Sisi tunaona ameipendeza. Mnunuzi anaona imeharibiwa, na bei inashuka. Ni kinyume cha kuuza nyumba, ambapo unapaka chokaa kwanza.

Mafundi wa saa hizi wamepungua, na iko sababu. Siku ya Krismasi mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono inayokwenda kwa betri na kipande cha kwatzi. Baadaye saa za betri zikawa rahisi mno, viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa, na vijana wakaacha kujifunza kazi ya springi. Kisha simu ikaja na saa ndani yake. Tena kampuni kubwa za Uswisi haziuzii kila fundi vipuri. Ndiyo maana kutengeneza ni ghali. Si kila mara fundi anakuibia.

Tulikwenda Nairobi, mimi, mwenyekiti na mama mwenyewe. Niliweka sharti kwamba mama aende, maana ni mali yake. Tulimpata fundi mzee aliyekubali kuifungua mbele yetu. Alitusomea namba iliyo kwenye mashine na tukaiandika, tukaipiga picha pia kwa simu ya mwenyekiti. Fanyeni hivyo siku zote. Fundi asiye mwaminifu anaweza kutoa kitu kizuri na kurudisha kibaya, na wewe utapokea kwa shukrani kwa sababu hujui ndani palikuwa na nini.

Alisema ilitengenezwa miaka ya 1960. Mafuta yake yamekauka na kuwa kama gundi. Mpira unaozuia maji umekauka vilevile, ndiyo maana unyevu uliingia. Na sanduku letu, aliposikia lilikaa sakafuni kwenye nyumba ya udongo huku kwetu kwenye mvua, alicheka. Palikuwa na kutu kidogo. Kuisafisha yote, kutia mafuta, mpira, springi na kioo: shilingi 15,000, na kungoja miezi miwili. Kwa majani ya shilingi 20 kwa kilo, kwa hesabu rahisi tu, hizo ni kilo 750 za majani mawili na chipukizi, zikichumwa kwa vidole na kubebwa mgongoni.

Mnunuzi mmoja wa vitu vya zamani aliitaka vilevile ilivyo, kwa 25,000 taslimu. Watu wengine walituambia ikitengenezwa itafika 50,000. Hao waliosema 50,000 hawakuwa na pesa mfukoni. Walikuwa na maneno.

Mwenyekiti alitaka itengenezwe papo hapo. Alisema, "Elfu 50 toa 15, si tumepata faida?" Tukakaa kwenye mkahawa, tukaagiza chai (ya huko ni maji matupu, tusameheane), nikachukua kalamu.

Ukiuza ilivyo, 25,000, unalipa deni la 18,000, mama anabaki na 7,000. Ukitengeneza, kuna 15,000 za fundi, na nauli na chakula cha kurudi mara nyingine tulihesabu 3,000. Ikiuzwa 50,000 kweli, zinabaki 32,000. Ondoa deni, mama ana 14,000. Ikiuzwa 40,000, zinabaki 22,000, na mama ana 4,000 tu, chini ya zile za kwanza. Yaani lazima ivuke 43,000 ndipo kazi yote ile iwe na maana yoyote. Na je, fundi akikuta kutu imekula zaidi? Na zile 15,000 zitoke wapi? Zitoke kwenye mfuko wa kikundi, ambao ni mahindi na karo za wanachama wengine 21.

Angalieni pia kitu ambacho mwenyekiti hakukiona. Faida yoyote si ya kikundi. Kikundi kinadai 18,000, basi. Shilingi moja zaidi ni ya mama. Dhamana si zawadi, wala mwanachama akichelewa mali yake haiwi nyara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika inatambua vitu kama mifugo na mashine kuwa dhamana ya mkopo, lakini kutambua si kumnyang'anya mwenyewe. Kwa hiyo kikundi kilikuwa tayari kubahatisha pesa za wote ili kupata faida ambayo si yake. Nilipomwambia hivyo alinyamaza akamaliza chai.

Mimi maoni yangu ni haya: saa ya zamani itengeneze ukitaka kuivaa. Ukitaka kuiuza, mwachie mnunuzi matengenezo, yeye ana fundi wake na anajua bei. Kama ni ya betri, hapo badilisha betri kwanza kabla ya kukata tamaa, na usiiache betri iliyokufa ndani, itavuja. Na kama unashuku ni bandia, usitegemee mshale wa sekunde unaoteleza bila kurukaruka. Bandia nyingi siku hizi zinateleza vizuri sana. Ifunguliwe, atazame mtu anayejua.

Tulirudi nyumbani bila kuuza, kwa sababu mama alisema anataka kusema na watoto. Jumapili ile wanaume walizungumza sana. Kijana wake mkubwa alisema saa ya baba haiuzwi. Shemeji akasema ni kumbukumbu ya ukoo. Mzee mmoja wa kanisa akasema kikundi kisamehe deni. Hata mimi moyo wangu ulilegea, nikapendekeza mama alipe 1,500 kwa mwezi kwa mwaka mmoja na saa irudi kwake.

Mama akangoja tumalize. Kisha akamwuliza kijana wake kama atalipa yeye hizo 1,500. Kijana akatazama chini. Akasema, "Baba yenu aliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake. Angekuwa hapa angeiuza kabla yangu, na asingewaita kwenye mkutano. Nilichokitaka kwenye saa hii nimekipata, msichana anadunga watu sindano."

Iliuzwa ilivyo. Yule mnunuzi alitaka kushuka mpaka 22,000 kwa ajili ya mikwaruzo ya kisu. Mama akasimama kuondoka, akarudishiwa 25,000. Risiti iliandikwa kwa jina lake, pamoja na namba ya mashine. Deni lilifutwa kwenye kitabu mbele ya wote. Kisha mweka hazina akasimama, bila kuombwa, akasema kwamba siku ya kupokea saa aliisikia ikilia sikioni mwake, na kwamba alikana kwa hofu ya kulipishwa. Ilichukua muda, lakini siku hizi wale wawili wanapalilia pamoja.

Sanduku sasa liko juu ya meza, si sakafuni. Ndani yake kuna vitabu, mhuri na cheti cha usajili. Mwezi uliopita mwanachama mmoja aliomba kuweka cherehani ya miguu kama dhamana. Kamati ilikwenda nyumbani kwake, ikamwambia ashone kitambaa mbele yao, ikaandika namba, ikamwachia aendelee kushonea watu huku mkopo ukilipwa.

 Kama kuna maswali, tuanze na akina mama, maana wanaume wataanza kuaga kwenda kukamua.