Kodi Iliyomo Ndani ya Lita

Hotuba ya wakili mmoja kwa waumini na wanaharakati wa Kisii na Nyamira



Mama auzaye ndizi Daraja Mbili hana gari, wala hana haja ya kuingia kituo cha petroli. Hata hivyo hulipa kodi ya mafuta kila siku: katika nauli ya matatu kutoka Kebirigo, katika kusagisha mahindi, na usiku katika taa yake. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, eti ili wafanyabiashara walaghai wasiyachanganye na dizeli. Aliyekosa ni mlaghai. Aliyetozwa ni mjane wa kijijini.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaipa Serikali ya Kitaifa peke yake uwezo wa kutoza ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Basi anayemlaumu gavana wa Kisii au wa Nyamira kwa kodi ya petroli amebisha mlango usio wake. Bei kwetu hupita ya Mombasa kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Viwango vya kodi ni vile vile.

Kwa nini hubadilika? Hapa nawaomba mnisikilize sana, kwani njia ni mbili. Ya kwanza ni Bunge. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa mafuta Septemba 2018 kwa asilimia 16. Wananchi wakapiga kelele, ikateremshwa hadi 8 mwezi huo huo. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 16, na Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria hiyo. Angalau mambo hayo yalijadiliwa hadharani.

Njia ya pili ni kalamu ya Waziri. Tozo ya kukarabati barabara, iliyowekwa kwa sheria ya 1993, ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25, majuma machache baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa na vijana wetu kuuawa barabarani. Maoni yalikusanywa, ndiyo, lakini Bunge halikupiga kura. Mwaka 2025, shilingi 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani ili makandarasi walipwe madeni ya zamani. Yaani mkulima wa chai wa Nyansiongo hulipia kazi ambayo pengine hatapata kuiona, ilhali njia ya kupeleka majani yake kiwandani haipitiki mvua inyeshapo.

Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri humlazimu Waziri kuiwasilisha kanuni yake Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu ichapishwe, nalo Bunge laweza kuibatilisha. Mbunge hawezi kusema hakuhusika. Akija kanisani na bahasha yake ya harambee, muulizeni kwanza alisema nini siku kanuni hiyo ilipowekwa mezani.