Tumbaku Chuoni na Uhuru wa Mtu
Tangu Januari 2014, msikilizaji, kampasi zote 10 za Chuo Kikuu cha California, Marekani, zimepiga marufuku tumbaku: bwenini, hata kwenye maegesho ya magari. Sigara za kielektroniki na tumbaku ya kutafuna nazo zimo.

Hapo ndipo hoja ya uhuru inapopata nguvu. Moshi wa sigara humwingia jirani asiyevuta. Shirika la Afya Duniani linasema moshi huo huua zaidi ya watu milioni 1 wa aina hiyo kila mwaka. Lakini anayetafuna amdhuru nani ila nafsi yake?

Swali ni la haki. Hata hivyo, nikotini humteka mtu, na wengi huanza wakiwa vijana wadogo. Basi chuo kinachokataza kimsaidie pia mwanafunzi kuacha, kisimwadhibu tu.