Kuchagua Matairi Mapya ya Pikipiki: Mwongozo kwa Mwendeshaji Chipukizi

(Maelezo ya mada iliyowasilishwa kwa wahudumu wapya wa bodaboda, wenyeviti wa steji na wananchi katika kikao cha mafunzo ya usalama barabarani.)



Mada ya leo ni tairi la pikipiki. Huenda likaonekana jambo dogo likilinganishwa na leseni, bima au kofia ya usalama. Lakini pikipiki hugusa ardhi mahali pawili tu, na kila mahali hapo ni padogo, kama kiganja cha mtu. Breki, kona, abiria na mzigo, vyote hutegemea viganja hivyo viwili.

Mhudumu aliyekaa barabarani miaka kumi huhisi mapema tairi linapoanza kuteleza. Hulegeza breki kidogo, akaiweka pikipiki sawa na safari ikaendelea. Aliyepata leseni juzi hana hisia hiyo bado. Ng'ombe akikatiza barabara, yeye hukamata breki kwa nguvu zake zote, na tairi ndilo linaloamua kama atasimama au ataanguka. Kwa hivyo anayejifunza kazi ndiye anayehitaji tairi zuri zaidi. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi yeye ndiye mwenye tairi baya zaidi, kwa sababu pikipiki yake ni ya mkono wa pili, au iko kwenye mkopo unaolipwa kila siku, na tairi huachwa liwe la mwisho katika hesabu.

Aidha, abiria hana nafasi ya kuchagua. Mama mjamzito anayekimbizwa kliniki au mtoto anayewahi shule hakagui tairi kabla ya kupanda. Anamwamini mwenye pikipiki.

Wakati wa kubadilisha

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa alama ndogo ya pembetatu. Meno ya tairi yakilika hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Halihitaji kungojwa liwe kipara.

Tairi kipara huwadanganya wengi kwa sababu kwenye lami kavu huonekana linashika vizuri. Hatari hujitokeza mvua inaponyesha. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Mifereji ikiisha, maji hubaki katikati ya mpira na barabara, na pikipiki huteleza kama iliyowekwa juu ya sabuni. Dakika za kwanza za mvua ni mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani huchanganyika na maji kabla hayajasombwa.

Zipo dalili nyingine. Nyufa ubavuni huonyesha kwamba mpira umezeeka kwa jua. Uvimbe huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo halifai kutumika hata siku moja zaidi. Tairi la nyuma lililolika katikati likawa bapa huifanya pikipiki iwe nzito kuingia kona, kisha ilale ghafla. Mwendeshaji mpya hudhani kosa ni lake, kumbe ni umbo la tairi.

Kusoma ubavu wa tairi

Kabla ya kwenda dukani, mwendeshaji aandike maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi yake, kisha ayalinganishe na kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho karibu na cheni. Mwenye pikipiki wa kwanza huenda alifunga saizi isiyofaa, na makosa hayo hurithiwa.

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 3.00-17 50P 6PR. Namba 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni kipimo cha rimu kwa inchi, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tairi la inchi 17 halifungwi kwenye rimu ya inchi 18, hata fundi alazimishe vipi. Namba 50 ni kiwango cha uzito, na maana yake ni kilo 190 kwa tairi hilo likiwa na upepo unaofaa. Namba 41 ni kilo 145, na 47 ni kilo 175. Herufi P ni kasi ya juu kabisa, kilomita 150 kwa saa, kasi ambayo hakuna mhudumu wa bodaboda anayepaswa kuikaribia. Maandishi 6PR hueleza uimara wa nyuzi za ndani.

Matairi mengine huandikwa kwa milimita, kwa mfano 90/90-18. Hilo lina upana wa milimita 90, kimo chake ni asilimia 90 ya upana huo, na rimu yake ni inchi 18.

Kiwango cha uzito ndicho wengi hukipuuza. Mwendeshaji wa kilo 70, gunia la mahindi la kilo 90 na pikipiki yenyewe inayozidi kilo 100 hufanya zaidi ya kilo 260, na sehemu kubwa ya uzito huo hulala juu ya tairi la nyuma. Akiongezwa abiria, tairi linapita kiwango chake. Sheria ya Trafiki huruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na hata tairi lenyewe lilitengenezwa kwa hesabu ya namna hiyo.

Tairi la lami au la matope?

Dukani kuna aina tatu. La kwanza ni tairi la lami, lenye meno ya chini na mifereji myembamba. La pili ni tairi la matope, lenye meno makubwa yaliyoachana. La tatu liko katikati, meno yake ni ya wastani na yamekaribiana.

Vijana wengi hupenda tairi la meno makubwa kwa sababu linaonekana lina nguvu. Katika matope mazito ni kweli husaidia. Lakini kwenye lami ni ncha za meno tu zinazogusa barabara. Pikipiki huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, hutetemeka, na kwenye kona meno hujipinda chini ya uzito. Tena hulika upesi. Kwa mwendeshaji ambaye bado anajifunza kupiga kona na kutumia breki, tairi hilo huongeza ugumu ambao hahitaji.

Ushauri ni huu. Anayefanya kazi mjini na kwenye barabara kuu za lami achague tairi la lami. Anayetoka kijijini kwa barabara ya changarawe, akaingia lami, kisha akarudi, achague la katikati. Tairi la matope liachiwe yule ambaye siku nyingi hagusi lami kabisa.

Upana pia una mtego. Wapo wanaofunga tairi pana nyuma ili pikipiki ipendeze. Tairi pana kupita kiasi hubanwa na rimu, umbo lake likabadilika, na pikipiki ikawa nzito kugeuka. Linaweza pia kusugua cheni au madigadi. Saizi ya kiwanda ndiyo salama kwa anayeanza.

Zipo pia tofauti za mpira wenyewe. Mpira mgumu hudumu muda mrefu lakini hushika kidogo kwenye maji. Mpira laini hushika vizuri na kuisha mapema. Muuzaji akisifu tairi kwa kudumu peke yake, mnunuzi aulize linafanyaje mvua ikinyesha.

La mbele au la nyuma?

Tairi la nyuma la bodaboda hulika haraka kwa sababu ndilo linalosukuma na kubeba mzigo. Kwa hivyo mhudumu hubadilisha la nyuma mara mbili au tatu, huku la mbele likibaki lile lile, likizeeka na kukauka. Wengine hufanya vibaya zaidi: huchukua tairi la nyuma lililochoka na kulihamishia mbele.

Mazoea hayo yaachwe. Pikipiki inapofunga breki, uzito husogea mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji anaweza kuokoa hali. La mbele likiteleza, usukani haumtii tena, na huanguka kabla hajafikiri.

Basi mwenye fedha za tairi moja afanye nini? Aanze na lile lililofika kwenye alama ya TWI au lenye nyufa. Ikiwa yote mawili yamefika hapo, anunue mawili, na kabla ya kuyapata asibebe abiria mvua ikinyesha. Ni uamuzi mchungu kwa anayetegemea mapato ya siku, lakini kulazwa hospitalini hugharimu zaidi ya siku moja ya kupumzika.

Dukani

Mnunuzi atazame tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2324, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2024. Tairi lililokaa miaka mingi kwenye rafu au kuanikwa juani mbele ya duka hukauka hata kama halijawahi kugusa barabara.

Aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi: SM#, kisha namba ya kibali, kwenda 20023. Aombe risiti na aihifadhi.

Tairi lililotumika lisinunuliwe, hata likiwa na meno mazuri. Hakuna ajuaye liligonga shimo gani. Vilevile, asikubali tairi kipara lililochongwa mifereji upya kwa kisu. Mifereji hiyo huchongwa kwenye mpira uliobaki kulinda nyuzi.

Kufunga na kuanza safari

Tairi lenye maandishi TT hutumia tyubu. Tairi jipya lifungwe na tyubu mpya ya saizi ile ile, kwa kuwa tyubu kuukuu huwa imetanuka na hukunjika ndani. Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ukaguliwe, na kutu kwenye rimu isuguliwe. Fundi alainishe tairi kwa maji ya sabuni, si kwa oili chafu, ambayo huharibu mpira.

Mshale ulio ubavuni huonyesha upande ambao tairi linapaswa kuzunguka. Mwenye pikipiki auangalie mwenyewe kabla ya kulipa. Ahakikishe pia kwamba gurudumu limenyooka na cheni, nati ya ekseli imekazwa, na breki inashika.

Tairi jipya lina utelezi juu yake kutoka kiwandani. Kwa kilomita 100 hadi 150 za kwanza, mwendeshaji aende polepole, apige kona taratibu na asikamate breki kwa ghafla. Siku ya kwanza ya tairi jipya si siku ya kufukuzana na wenzake.

Upepo upimwe kwa geji asubuhi tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa wiki. Kubonyeza kwa kidole au kupiga teke hakutoshi. Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha pikipiki, na huwa kimetajwa cha mwendeshaji peke yake na cha akiwa na abiria. Upepo mdogo hupasha tairi moto na kulika pembeni. Upepo mwingi hulifanya lidunde kwenye mashimo na kulika katikati.

Fedha zitoke wapi?

Tairi haliishi ghafla, kwa hivyo fedha zake zisitafutwe ghafla. Mhudumu anayeweka shilingi 20 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi, hupata shilingi 520. Kwa miezi 6 ni shilingi 3,120. Steji zenye chama cha akiba zinaweza kuweka mfuko wa matairi kando na mfuko wa misiba na matibabu. Mwenyekiti wa steji anaweza kutenga asubuhi moja kila mwezi, kabla ya kazi, kila mmoja akague tairi la mwenzake. Jicho la mwenzio huona unachokizoea.

Na wenye pikipiki wanaowakodishia vijana, tairi ni jukumu lenu. Haifai kupokea hesabu ya kila jioni huku kijana wa watu akiteremka mlima kwa tairi kipara.

Abiria naye ana haki ya kutazama tairi kabla ya kupanda, na kukataa kwa heshima. Wateja wakianza kukataa tairi kipara, steji nzima itabadilika.