Mtaro Kabla ya Msingi



Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, mji unakufuata. Kanyosha, Ruziba, mpaka Kabezi, mashamba ya mihogo na michikichi yanageuka viwanja. Sina ugomvi na anayejenga. Watu wanahitaji pa kulala, na maji ya Ziwa Tanganyika yaliyopanda miaka hii yamewahamisha wengi. Ninachodai ni kimoja: shamba lichunguzwe na waakiolojia kabla halijakatwa viwanja.

Jirani hapo, Mugere, lipo jiwe la Livingstone na Stanley, wageni waliopita Novemba 1871. Waliolima ardhi hii kabla ya wageni hao hawakuwekewa jiwe. Habari zao zimo udongoni, na mara nyingi jembe tu linazifikia.

Kazi yenyewe ya uchunguzi haitishi. Huchimbwa mitaro myembamba katika sehemu ndogo ya shamba, udongo wa juu ukikwanguliwa taratibu mpaka rangi ibadilike. Duara jeusi kwenye udongo mwekundu laweza kuwa shimo la nguzo, la taka, au kaburi. Kigae cha chungu chenye kitako kilichobonyezwa kwa kidole ni cha mtindo wa Urewe, wa wahunzi waliokaa nchi za Maziwa Makuu miaka 2,000 hivi iliyopita. Jean Hiernaux na Emma Maquet waliandika juu ya vyungu vya kale vya nchi hizi tangu miaka ya 1950. Baadaye Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake wakafukua matanuri ya chuma Rwanda na Burundi. Mavi ya chuma ambayo mkulima huyatupa pembeni yasimharibie jembe, ndiyo yanayomwelekeza mtaalamu lilipokuwa tanuri. Buldoza likishapita, kigae utakiokota, lakini hutajua tena kilikaa karibu na nini, wala chini ya nini.

Lipo na jambo zito zaidi. Aprili 1972 umwagaji damu ulianzia Rumonge na kusini mwa ufukwe huu, kisha mauaji yakaenea nchini. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kufukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi. Anayechimba msingi kwetu anaweza kukuta wafu ambao watoto wao bado wanawatafuta. Hilo si la kumwachia kibarua mwenye sepetu.

Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni tangu mwaka 1983. Basi nawasihi wakuu wa tarafa: msitie sahihi ya kukata viwanja kabla mitaro haijachimbwa. Gharama aibebe mwenye mradi, na mkulima alipwe kila shina la muhogo litakalong'olewa.